Spea za Datsun 1200 pick-up napata wapi? Ringi za pistoni nilizonunua zimegoma

Mkulima wa Muheza
Wakuu habari za saa hizi. Nina Datsun 1200 pick-up ya marehemu mzee, enzi zake ilikuwa inabeba machungwa Muheza kwenda Tanga mjini, sasa ina kama miaka sita ipo chini ya mwembe kuku wanatagia kwenye kiti. Nimeamua kuifufua. Ikiwaka inatoa moshi wa bluu na oili inakunywa kama maji, nikashuka Dar mpaka Gerezani nikachukua seti ya ringi, milimita 73, muuzaji kaniapia ndio za 1200. Fundi kaingiza moja kwenye silinda inaogelea tu humo ndani, kaniangalia kacheka. Na dukani mali ikitoka hairudi. Nimepigwa au? Halafu natafuta klachi plate na raba ya kioo cha mbele, kila nikitaja Datsun naambiwa gari ya babu yako hiyo

Spana Namba 10
Hujapigwa mkuu, ringi ni sahihi ila injini ndio siyo. 1200 ya asili ina injini ya A12, upana wa silinda yake ni milimita 73. Watu wengi walishazitoa wakafunga A14, inakaa palepale bila kuchomelea sana, ila silinda yake ni 76. Futa hayo magrisi ubavuni mwa bloku usome namba. Ukikuta A14 tafuta hata Nissan Vanette C22 iliyolala yenye A15, nayo ni 76, ila pistoni usibebe kwa macho maana urefu haufanani

Jirani wa Tunduma
Kosa lako ni kutaja Datsun. Japani gari hiyo iliendelea kutoka mpaka 1994, na Afrika Kusini wameitengeneza mpaka 2008 inaitwa Nissan 1400, kule wanaita bakkie. Kwahiyo wewe sema natafuta ya Nissan 1400 uone kama watacheka. Mimi raba ya kioo nilikata kipande kwenye ile mbovu kama urefu wa kidole nikampa dereva wa lori anayeenda Joburg, nikamwambia usilete isiyofanana na hii hata wakuapie, kaleta yenyewe pamoja na klachi. Spea za breki za mbele ndio usiagize kabla hujafungua tairi, kuna zenye dramu na kuna zenye diski

Mpenda Kirikuu
Uza chuma chakavu kanunue kirikuu, ile Suzuki Carry, mnajitesa bure

Spana Namba 10
Kirikuu lako likifika umri wa hiyo Datsun tuitane hapa hapa

Mkulima wa Muheza
Wakuu nimesugua na brashi ya waya na mafuta ya taa, A14 kweli!! Nimemuuliza mama anasema kuna kipindi mzee alikaa nayo Mombasa wiki nzima, aliporudi ikawa inapanda milima ya Amani bila kuchemsha, hakusema kitu. Kadi bado ina namba ya injini ile ya zamani, naona hapo TRA wananisubiri.

Mwenye A12 aje inbox, ringi mpya za 73 nauza bei ya hasara