Riwaya ya afisa wa Kinazi aliyejificha: mwindaji ajueje kuwa ndiye?

Kalamu_Nyeusi:
Wakuu habari, naandika riwaya ya kijasusi, afisa wa SS (kile kikosi cha chama cha Hitler) kakimbilia Argentina baada ya Vita vya Pili vya Dunia kabadili jina na kuna jamaa anamsaka. Nimekwama pale mwindaji anapopata uhakika kuwa ndiye mwenyewe. Nilitaka kutumia ile tatuu ya grupu la damu waliyochorwa mkono wa kushoto karibu na kwapa ila imeshatumika mno, msomaji ataiona inakuja toka mbali. Nifanyeje?

Mzee wa Vitabu:
Mkuu achana na tatuu, soma Adolf Eichmann, yule afisa wa SS aliyepanga usafirishaji wa Wayahudi kwenda kambi za mauaji, alivyogundulika huko huko Argentina. Yeye kajiita Ricardo Klement, hati ya Msalaba Mwekundu anayo, lakini watoto wake wakaendelea kutumia jina la Eichmann kama kawaida. Mkubwa wao Klaus akawa na ukaribu na binti anaitwa Sylvia Hermann, hajui kama baba yake huyo binti ana asili ya Kiyahudi, alishafungwa Dachau, kambi ya mateso ya Wanazi, na kwa wakati huo ni kipofu. Binti akatumwa nyumbani kwao kuchunguza, akapokelewa na mtu aliyejitambulisha kama mjomba wa Klaus, halafu wakati wa kuondoka Klaus akamwita baba!! Neno moja tu na yule binti kasimama palepale mbele yake inabidi asibadilike hata uso. Hiyo sura ningeipa kurasa ishirini.

Mwanaidi_Msomaji:
Naongezea kwa Mzee hapo juu, msako wenyewe ulisuasua sana na ndo panapouma. Fritz Bauer, mwendesha mashtaka wa jimbo la Hesse, aliwapa Waisraeli taarifa ya baba yake Sylvia kwa siri 1957 maana vyombo vya Ujerumani Magharibi vilikuwa bado na watu wa utawala wa Hitler, Eichmann angetonywa akakimbia. Mossad, majasusi wa Israel, wakaenda kuangalia, wakaona nyumba ya kimaskini wakasema haiwezekani mtu mkubwa vile akaishi pale. Machi 21, 1960 ndo wakamwona Klement anarudi na maua, na tarehe hiyo ni ya ndoa ya Eichmann na mkewe. Mei 11 wakamdaka jioni akishuka kwenye basi kutoka kazini. Kwa hiyo mwindaji wako mpe mabosi wasiomwamini, hilo litakubebea nusu ya kitabu.

Kalamu_Nyeusi:
Duh maua! Asanteni sana, tatuu naifuta leo leo. Sasa mwisho, nimuue kwa risasi au?

Mwanaidi_Msomaji:
Hapana kaka, risasi inamwondoa haraka mno. Josef Mengele, daktari wa SS kwenye kambi ya mauaji ya Auschwitz, alikufa akiogelea baharini Brazil 1979, akazikwa kwa jina la Wolfgang Gerhard, dunia ikaja kujua 1985 kaburi lilipofukuliwa, na mapacha aliowafanyia majaribio Auschwitz hawakumwona kizimbani hata siku moja. Eichmann angalau alikaa kwenye kile kizimba cha kioo Jerusalem 1961 akasikiliza walionusurika wakisema mmoja baada ya mwingine. Mfikishe wako mahakamani, na shahidi wa kwanza awe mtu tuliyekwisha kumjua na kumpenda tangu sura za mwanzo.