Cessna 172 Dar–Mtwara: mafuta yanaishaje na geji bado inaonyesha robo?

Mwanagenzi_Mikindani
Wakuu, shikamooni. Ndege ndogo ya Cessna 172S ina lita 200 za mafuta ya kutumika. Dar hadi Mtwara kwa anga ni kama kilomita 400, saa mbili hivi. Kwa lita 34 kwa saa, kwenda na kurudi ni 136. Sasa ndege hizi zinaishiwaje mafuta hewani?

Fundi_Bawa
Marahaba mdogo wangu. Hiyo 34 ni ya rubani aliyevuta mikscha (mkono wa kupunguza mafuta yanayochanganywa na hewa) akishafika juu. Ukiiacha imejaa mbele, injini inapita lita 40 kwa saa, na hesabu yako tayari imevunjika.

Geji usiiamini. Mshale unafuata boya ndani ya tangi, ndege ikiinama nao unacheza. Pima kwa kijiti, ndege ikiwa imesimama pahala tambarare, kila tangi peke yake, tena kijiti cha modeli hiyohiyo. Cha 172 ya zamani yenye matangi madogo kitakudanganya.

Halafu kagua mpira wa kifuniko cha tangi, juu ya bawa. Ukipasuka, hewa inayopita juu ya bawa inafyonza mafuta nje safari nzima. Ukiona michirizi ya bluu nyuma ya kifuniko, hiyo ni Avgas 100LL, mafuta yenyewe ya ndege, usiruke.

Upepo_wa_Kusi
Naongezea upepo. Mei hadi Septemba kusi inakupiga usoni ukija huku Mtwara. Bila upepo, kwa kilomita 204 kwa saa, unafika usawa wa Kilwa Masoko dakika ya 66. Ukifika dakika ya 81, upepo umekula karibu kilomita 38 kwa saa. Piga hesabu upya palepale, Kilwa ikiwa bado karibu yako. Akiba ya mchana kisheria ni nusu saa. Mimi nasema saa nzima, kwa sababu viwanja vya huku viko mbalimbali.

Mwanagenzi_Mikindani
Na injini ikizima wakati mafuta yapo?

Fundi_Bawa
Hapo mafuta hayafiki kwenye injini. Shusha pua upate kasi ya noti 68 (kama kilomita 126 kwa saa), valvu ya kufungia mafuta isukumwe ndani, ya kuchagua tangi iwe kwenye yote mawili, pampu ya umeme iwashwe, mikscha mbele, swichi ya moto kwenye magneto (vifaa vya kutoa cheche) zote mbili. Isipowaka, tafuta pa kutua. Ufukwe maji yakiwa yamekupwa unafaa kuliko mikorosho.