«Tzampa» ya Wagiriki na «bure» yetu

Muuza duka, Kondele, Kisumu
Hamjambo ndugu wasomaji. Ninajifunza Kigiriki cha leo kila jioni nikishafunga duka. Kitabu changu chasema kwamba kitu kisicholipiwa ni «dorean», lakini Mgiriki ninayeandikiana naye hupenda kusema «tzampa». Juzi nilimweleza kwamba nilikwenda Nakuru nikakuta ofisi niliyoifuata imefungwa, naye akanijibu «tzampa kopos», ilhali nauli nililipa mwenyewe. Neno hili lilitoka wapi?

Mwalimu mstaafu, Nakuru
Pole kwa safari. Asili yake ni Kituruki, «caba», ambapo c hutamkwa kama j yetu. Wagiriki huandika sauti ya b kwa kuunganisha m na p, kwa kuwa herufi yao ya beta siku hizi hutamkwa v. Basi usilisome neno hilo kama macho yanavyokuelekeza. Wala si ajabu kwamba maneno ya Kituruki yalibaki kwao, maana mji wa Thessaloniki ulitawaliwa na Waturuki wa Osmani tangu 1430 hadi 1912.

«Kopos» ni juhudi au taabu, kwa hiyo rafiki yako alikuambia «kazi bure». Hebu sema «nimesafiri bure»: je, hukulipa nauli, au hukupata ulichokifuata? Tzampa nayo ina nyuso hizo mbili, na tena haibadiliki umbo ikikaa na nomino, kama vile bure isivyobadilika katika «maneno bure».

Msomaji wa Kakamega
Nakubaliana na Mwalimu, ila nyuso hizo mbili Wagiriki walikuwa nazo kabla ya Waturuki. «Mmepata bure, toeni bure» ya Mathayo 10:8 na «Kristo alikufa bure» ya Wagalatia 2:21, zote mbili katika Kigiriki ni dorean, neno lililotokana na lile la zawadi. Katika barua rasmi tumia hilo hilo. Tzampa ni ya sokoni na barazani.

Kutokana nayo hupatikana «tzampatzis», yaani mtu wa sare, mpenda vya bure, yule ambaye kila makanga wa njia ya Kisumu anamfahamu kwa sura.

Muuza duka, Kondele, Kisumu
Nashukuru sana, Mwalimu, nawe pia wa Kakamega. Yupo mteja wangu ambaye kila jioni huonja njugu kiganja kizima, akauliza bei, kisha akaenda zake. Leo nimempa jina.