Siku moja kwenye stesheni za reli ya zamani, Konza hadi Makindu: nikae wapi zaidi?

Mjomba_wa_Reli

Wadau, hamjambo. Jumamosi ijayo nina gari na siku nzima, na nataka kuimalizia kwenye reli ya zamani, ile nyembamba ya mita moja, si SGR. Nitakuwa na mpwa wangu ambaye anapenda treni kuliko chakula. Nimepanga kushuka njia ya Mombasa: Konza, Ulu, Kiu, Kima, Sultan Hamud, Emali, Simba, na jua likituruhusu tufike Makindu.

Najua treni ya abiria haipiti tena huko na ya mizigo haina saa ya kutegemea. Ninachoogopa ni kufika kila stesheni, kupiga picha ya paa la bati, kurudi garini na kwenda nyingine. Mngekuwa nyinyi mngekaa wapi? Na mtoto nimwonyeshe nini hasa kama treni haitokei?

BinPointi

Ndugu yangu, orodha ni ndefu. Chagua stesheni tatu, uzikae. Mimi nimelelewa kwenye kota za reli, baba yangu akiwa mtu wa pointi, yaani mahali reli moja inapogawanyika kuwa mbili, kwenye njia hiyohiyo, na mpaka leo nikipita barabara ya Mombasa macho yangu yako upande wa reli.

Asubuhi anza Konza. Hapo ndipo tawi la Magadi linapoachana na njia kuu, na limekuwepo tangu 1915. Treni ya magadi ikipanda kutoka bondeni lazima ipite Konza kabla ya kuingia njia kuu, kwa hiyo kama kuna mahali pa kubahatisha, ni hapo. Simama nje ya uzio ambapo unaona pointi zikigawanya njia, umwachie kijana muda wa kufuata kwa macho kila reli inaelekea wapi.

Halafu mwonyeshe jambo ambalo wengi hawalioni. Njia ni moja tu. Treni mbili zikitazamana haziwezi kupishana popote ila stesheni, ambako njia inakuwa mbili kwa kipande kisha inaungana tena. Ndiyo sababu utakuta stesheni mahali ambapo hata kijiji hakikuwepo ilipojengwa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupisha treni, na kazi ya pili ilikuwa maji. Injini ya mvuke hunywa, na nchi hiyo ni kavu. Ukiona tangi la chuma lililoinuliwa juu ya nguzo au juu ya ukuta wa mawe, ujue hapo injini zilisimama kunywa. Tafuta bomba lililopinda lilipokuwa, na upime kwa macho umbali wa pale hadi mwisho wa njia ya kupishana. Injini kubwa za mvuke aina ya Garratt, za daraja la 59, zilizotengenezwa na Beyer Peacock kule Manchester, zilikuwa 34, na kila moja ilikuwa na uzito wa tani zipatazo 250. Zilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi tangu katikati ya miaka ya 1950. Njia fupi ya kupishana isingetosha kitu kama hicho na mabehewa yake.

Sasa usalama wake ulikuwaje? Dereva hakuondoka stesheni mpaka ashike kibali mkononi. Katika reli za njia moja kibali hicho kilikuwa karatasi iliyoandikwa na stesheni masta baada ya kuulizana na mwenzake wa stesheni ya mbele, au kilikuwa kitu cha chuma kutoka kwenye mashine. Mwingereza Edward Tyer alibuni mashine yake mwaka 1878: kuna moja huku na moja kule, zimeunganishwa kwa waya, na ukitoa kisahani kimoja, mashine zote mbili zinakataa kutoa kingine mpaka hicho kirudishwe. Treni isiyosimama ilipewa kibali kikiwa kwenye pete kubwa. Mtu anasimama kando ya njia ameinua mkono, fundi wa injini anapitisha mkono wake ndani ya pete huku treni inakwenda. Mwambie mpwa wako ajaribu kwa tairi la baiskeli, wewe ukiwa unakimbia. Ataelewa mara moja kwa nini watu wale waliheshimiwa.

Mkono wa pointi pia usiupite hivihivi. Ni chuma kizito chenye kichwa cha mviringo, na uzito wake ndio unaozibana zile ndimi za reli zisiachie treni inapopita juu. Baba alinifundisha kuusikiliza: ukidondoka vizuri unatoa mlio mmoja mzito. Ukitoa mlio mkavu wa kurudiarudia, kuna jiwe limeingia mahali, na anarudi kulitoa kwa mkono kabla hajainua bendera. Alikuwa hafanyi haraka katika hilo hata dereva akipiga honi.

Wanza

Naongezea mimi ninayeishi karibu na reli hiyo. Kaka, usiingie ndani ya uzio kabla hujamwona mhusika. Hata stesheni inayoonekana imefungwa, mara nyingi kuna mlinzi au kuna familia inakaa kwenye zile nyumba. Piga hodi, jitambulishe, sema umemleta mtoto kuona reli. Wazee hufurahi sana, na pengine utaonyeshwa zaidi ya ulichouliza. Ukianza na kamera kabla ya salamu, umejifungia mlango mwenyewe.

Na msitembee katikati ya reli. Watu husema haitumiki. Inatumika. Treni ya mizigo ikija na upepo unavuma upande wa pili, unaisikia ikiwa imeshafika.

Mwalimu_Kilonzo

Kima usiiache, hata kama ni nusu saa. Watu wengi wakisikia simba na reli wanaruka moja kwa moja hadi Tsavo, lakini hayo ni mambo mawili. Simba wa Tsavo waliua wajenzi wa daraja mwaka 1898, wakapigwa risasi na Patterson, mhandisi aliyesimamia daraja hilo, na sasa wako kwenye jumba la makumbusho la Field, Chicago. Kisa cha Kima ni cha Juni 1900, treni zikiwa zimeshaanza kwenda Nairobi. Charles Ryall, msimamizi wa polisi wa reli, alilala ndani ya behewa lililoegeshwa hapo akimvizia simba aliyekuwa akisumbua stesheni, akiwa pamoja na wenzake wawili, Huebner na Parenti. Simba akaingia kwa mlango wa kusukuma, akamuua Ryall, akatoka naye dirishani.

Behewa lenyewe liko kwenye Makumbusho ya Reli Nairobi. Ushauri wangu wa kweli ni huu: mpeleke kijana makumbusho Ijumaa, alione behewa na dirisha lake, pia aione Mount Gelai, Garratt namba 5918, kwa macho yake. Kesho yake akisimama Kima hatahitaji maelezo mengi. Atakuwa anapima mwenyewe urefu wa dirisha na upana wa simba.

Sultan Hamud nayo ina historia kwenye jina lake. Ni la Hamud bin Muhammad wa Zanzibar, aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902. Na mkifika Makindu, ingieni gurdwara, nyumba ya ibada ya Masingasinga. Jengo ni la 1926, na asili yake ni wafanyakazi wa reli. Watu zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kwa kazi ile, na karibu 2,500 walikufa. Wasafiri wote hukaribishwa na kulishwa hapo. Vueni viatu, funikeni vichwa.

Mjomba_wa_Reli

Asanteni sana, mmenipangia siku. Konza, Kima, Makindu basi, na Ijumaa makumbusho. Swali moja la mwisho kwa BinPointi: kijana anapenda kujua umri wa kila kitu. Kuna namna ya kujua reli ni ya mwaka gani bila kuingia njiani?

BinPointi

Ipo, tena ndiyo niipendayo kuliko zote. Reli huandikwa kiwandani. Kwenye ubavu wake, kati ya kichwa na kitako, kuna herufi zilizoinuka: jina la kiwanda, mwaka, mara nyingi na uzito wake. Na reli iliyochakaa haikutupwa. Ilikatwa ikawa nguzo ya uzio, nguzo ya taa, mguu wa kibao cha jina la stesheni. Kwa hiyo baada ya kupiga hodi kama dada Wanza alivyosema, mwendee mguu wa kibao, si njia. Sugua vumbi kwa kitambaa kikavu, pitisha kidole kutoka chini kwenda juu. Herufi zikiwa zimelika na kutu, weka karatasi juu yake usugue kwa penseli ya risasi ikiwa imelazwa, maandishi yatajitokeza. Chukueni karatasi za kutosha.

Mataruma nayo, yale yanayolala chini ya reli kuzishika, muyatazame mkiwa nje. Mengi huko ni ya chuma, yamekunjwa mfano wa hori lililopinduliwa, kwa sababu mchwa wa nchi ile angeshamaliza mbao.

Na juu ya kibao chenyewe someni yote, msiishie kwenye jina. Vibao vya zamani vilibeba pia kimo cha mahali kutoka usawa wa bahari, kwa futi. Mwandikie kijana kimo cha Konza, cha Kima na cha Makindu, achore mstari. Ataona namna ardhi inavyoshuka kuelekea pwani, na ataelewa kwa nini treni inayopanda kwenda Nairobi hunguruma hivyo. Mkikuta kibao kimeng'olewa, muulizeni mlinzi. Wengine huvihifadhi ndani.

Wanza

Makindu hakikisheni mmefika kabla ya saa tisa alasiri, mpate kula na mwanga wa kurudi. Barabara hiyo usiku ina malori mengi, na mtoto atakuwa amechoka.