Moto uliletwa na machifu wa kutoka Ukinga, au ulikuwepo tangu enzi za mawe?

Mkulima_Kiwira:
Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa wanaoijua historia ya kale, hasa ya huku kwetu.

Baba mkubwa huwasimulia watoto jioni wakati ndizi ziko jikoni. Anasema hapo kale watu wa Rungwe walikula vitu vibichi, hawakuujua moto. Wakashuka machifu kutoka milima ya Ukinga na moto, ng'ombe na chuma. Wenyeji walipoonja chakula kilichoiva wakakubali kutawaliwa.

Juzi binti yangu wa kidato cha kwanza akamwambia, "Babu, hiyo si kweli, moto uligunduliwa Zama za Mawe za Kati." Mzee akanyamaza, na usiku ule hakusimulia tena. Iliniuma. Sitaki mtoto amwone babu yake mwongo, na sitaki nimkataze kusema alichofundishwa. Hivi hapa nyanda za juu kuna ushahidi wowote wa watu wa kale, au mambo hayo ni ya Misri na Babeli tu?

Msafiri_Tunduma:
Mkuu, kwa upande wa umri binti yuko sahihi, na angeweza kurudi nyuma zaidi ya kitabu chake. Kwenye pango la Wonderwerk, Afrika Kusini, yamekutwa majivu na mifupa iliyoungua ya kama miaka milioni 1 iliyopita.

Na jirani kabisa, maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Rukwa na Zambia, upande wa Zambia walifukua magogo mawili yaliyochongwa yakashikana, moja juu ya jingine. Matokeo yalitangazwa 2023: umri wake ni kama miaka 476,000. Yamedumu kwa sababu yalifunikwa na udongo wenye maji. Huyo aliyechonga alitangulia kuwepo kwa binadamu wa aina yetu.

Mwl_Mstaafu_Kihesa:
Kamwene ndugu wa Kiwira. Nimefundisha historia maisha yangu yote ya kazi, na swali lako ni zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa darasani.

Mlete binti Isimila. Ni kama kilomita 20 kutoka Iringa mjini, ukishika barabara ya Mbeya. Watu huenda kupiga picha zile nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, lakini utajiri uko chini miguuni, kwenye korongo. Kuna mashoka ya mawe yasiyo na mpini, umbo la tone la maji. Ukilitazama moja kwa karibu utaona makovu ya kugongwa pande zote mbili, mpaka makali yakakutana katikati. Mgongaji alishaiona sura ya shoka kabla hajaanza kugonga. Mawe hayo yanakadiriwa kuwa na miaka kama 260,000. Yamepatikana pia mabaki ya kiboko wa aina iliyotoweka, macho yake yamechomoza juu ya fuvu. Pale palikuwa na maji, na watu waliyafuata.

Sasa kuhusu mzee. Masimulizi ya asili kwa kawaida hayajibu "lini". Yanajibu "nani amepewa haki ya kutawala, na kwa nini wengine wanatii". Angalia Babeli. Mabamba yao ya udongo ya karne ya 17 K.K. yanasimulia kwamba miungu wadogo walichoka kuchimba mifereji, wakagoma. Akachinjwa mungu mmoja, damu yake ikachanganywa na udongo, akaumbwa mtu ili aibebe kazi ile. Nchi yenyewe iliishi kwa mifereji ya Frati na Tigri, na mifereji lazima izibuliwe kila mara. Simulizi hiyo inamwambia mkulima kwa nini yuko na jembe mkononi. Tena Babeli ilipokuwa na nguvu, mungu wa mji wao, Marduk, ndiye akawa shujaa aliyempasua Tiamat, mungu wa kike wa bahari, na kufanya mbingu na nchi, na habari hiyo ikawa inasomwa na kuhani hekaluni, mbele ya sanamu ya Marduk, kwenye sikukuu ya mwaka mpya.

Ndiyo maana nasema baba yako mkubwa anafanya kazi ileile ya makuhani wa Babeli. Na ndani ya maneno yake kuna historia ya kushikika: Wakinga walikuwa wafua chuma hodari, na majembe yao yalishuka Unyakyusa, huko kwenu Rungwe, kubadilishwa na chakula. Hiyo "chuma kutoka Ukinga" isidharauliwe hata kidogo.

Binti_wa_Lubaga:
Mwalimu amesema kweli, nami niongeze. Wazee wetu wanaeleza kwamba zamani, watoto wa chifu walipokabidhiwa nchi, mioto yote ya zamani ilizimwa. Moto mpya ulipekechwa kwa vijiti, kisha kila nyumba ikachukua kijinga cha moto kutoka hapo. Kwa hiyo kila aliyepika usiku ule alipika kwa moto wa mtawala mpya. Mtu aliyekulia kwenye desturi hiyo akikwambia machifu ndio walioleta moto, anakwambia alichokiona kikifanyika.

Mkulima_Kiwira:
Shikamoo mwalimu, na asante sana dada. Hilo la kuzima mioto sikuwahi kulisikia, na naamini mzee analijua. Nitamwomba binti aende mwenyewe kumuuliza: nani alipekecha, na nyumba zipi zilichukua kwanza. Ayaandike kwenye daftari pamoja na hayo ya Kalambo na Wonderwerk, kila moja na ukurasa wake.

Mwalimu, Isimila twende mwezi gani? Natamani mzee naye aje, ila magoti yanamsumbua.

Mwl_Mstaafu_Kihesa:
Marahaba. Njooni mwezi wa sita, mvua zimeshakwisha na korongo limekauka. Mzee asishuke kwenye nguzo, njia ni mbovu kwa magoti. Kuna nyumba ndogo ya makumbusho pale juu, akae hapo, mawe atayaona vizuri tu. Fikeni asubuhi, jua la mchana mle bondeni ni kali.