Ngao za binadamu vitani: kosa ni la anayejificha au la anayepiga?

Mwalimu_Ngara aliandika:

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha Historia kidato cha tano huku Ngara, na mimi ndiye mlezi wa klabu ya midahalo. Wiki hii wanafunzi walichagua mada wenyewe: "Anayejificha nyuma ya raia ndiye muuaji, si aliyepiga." Nilidhani dakika arobaini zingetosha. Kengele ya chakula ikagonga, hakuna aliyeinuka. Kwa shule ya bweni, tena siku ya wali, hilo si jambo dogo.

Kilichonikwamisha ni swali la binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye huwa hasemi: "Mwalimu, hao waliowekwa mbele, walijuaje kwamba wao ni ngao?" Nikakohoa, nikasema tutaendelea Ijumaa.

Mimi ni mtoto wa hapa. Aprili 1994 nilikuwa darasa la tatu watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walipovuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 hivi. Benaco, kambi yao ya wakimbizi, ikageuka mji mbele ya macho yetu. Marehemu baba alikuwa akisema mle ndani kuna wenye mapanga na kuna wenye watoto mgongoni, na foleni ya maharage ni moja. Sikumwelewa.

Naomba msaada. Mambo haya yalianza lini? Sheria inasema nini hasa? Na kama yupo aliyeyaona kwa macho, atuambie. Ila tafadhali tusigeuze uzi huu kuwa wa Gaza peke yake. Nyuzi za Gaza zipo tele humu, na nyingi zimefungwa kwa matusi.

Kahawachungu alijibu:

Mkuu, mbona unawachosha watoto? Jambazi akimkumbatia mke wa mtu huku anafyatua risasi, polisi wafanye nini, wapige makofi? Aliyemkumbatia ndiye aliyemuua. Ukisema anayepiga naye ana kosa, umewafundisha majambazi wote duniani wakumbatie wake za watu. Vita haina macho. Naomba kuwasilisha.

Mtoto_wa_Ndosho alijibu:

Mwalimu, salamu. Nimezaliwa Goma, Kongo (wakati huo Zaire), mtaa wa Ndosho. Sasa nauza vitenge Kariakoo. Kiswahili changu mnisamehe, kuna siku kinarudi nyumbani bila kuniaga.

Julai 1994 nilikuwa na miaka 12. Kwa siku chache tu watu kama milioni moja kutoka Rwanda waliingia upande wetu. Kipindupindu kikawafyeka. Ardhi ya Goma ni mawe ya volkano, jembe haliingii, kwa hiyo maiti zililazwa kando ya barabara zimeviringishwa kwenye mikeka. Hayo dunia iliyaona kwenye televisheni. Yaliyofuata haikuyaona sana, kamera zilikuwa zimeshaondoka.

Kambi ya Mugunga ilikuwa barabara ya Sake, magharibi ya mji. Mama alipeleka makala huko (ninyi mnasema mkaa), mimi nasukuma chukudu, baiskeli yetu ya mbao. Ukiingia unakuta mji kamili: soko, vinyozi, bucha, baa, minibasi zinaita abiria. Watu walipangwa kwa wilaya na tarafa walizotoka nazo Rwanda, chini ya wakubwa walewale. Mwanzoni hata chakula cha msaada kilipita mikononi mwa wakubwa hao, kwa hiyo asiyewatii alilala njaa. Jeshi la serikali iliyoanguka nalo lilikuwa na sehemu yake, Lac Vert, mwendo wa miguu tu kutoka kwa wenye watoto. Mkimbizi akionekana anataka kurudi kwao aliitwa msaliti. Wengine walipigwa, wengine waliuawa.

Nilikuwa na rafiki pale, tukamwita Bidon, yaani dumu, kwa sababu hukumwona bila dumu la njano. Baba yake alikuwa fundi viatu. Siku moja nilimuuliza kwa nini hawarudi, mbona mpaka si mbali. Akageuza shingo kuangalia nyuma, kisha akaniambia, "Sema polepole." Basi, tukaendelea na maji yetu. Yule binti wa dawati la nyuma mpe jibu hilo. Bidon hakuwahi kulisikia neno ngao, lakini ile shingo ilikuwa inajua.

Wenye kujua walijua pia. Novemba 1994 Madaktari Wasio na Mipaka, tawi la Ufaransa, walifunga mizigo wakaondoka, wakasema msaada wao unawanenepesha waliofanya mauaji ya kimbari. Umoja wa Mataifa ulitafuta nchi za kutoa askari wa kuwatenga wenye silaha na wakimbizi, haukuzipata. Mwishowe shirika la wakimbizi, UNHCR, likawalipa askari 1,500 wa Zaire walinde utulivu kambini. Kulinda utulivu waliweza. Kutenga, hakuna aliyewatuma.

Nije kwako, Kahawachungu. Oktoba 1996 vita vilifika. Kambi za kaskazini, Kibumba, Katale na Kahindo, zikasambaratika, na watu wengi wakamwagikia Mugunga. Goma ikaanguka tarehe 1 Novemba. Katikati ya mwezi waasi wa Zaire, AFDL, na jeshi la Rwanda wakaipiga Mugunga kutokea upande wa magharibi. Wenye silaha wakakimbilia milima ya Masisi, wakaondoka na watu wengi, wengine kwa hiari, wengine kwa kusukumwa. Waliobaki njia ya mashariki ikawafungukia. Tarehe 15 Novemba nilisimama kando ya barabara toka asubuhi hadi giza na mto ule wa watu haukukatika, wanakwenda Gisenyi, Rwanda, kimya, unasikia miguu tu. Siku hiyohiyo kule New York Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1080 la kupeleka kikosi cha kuwasaidia. Kikosi cha kuwasaidia nani, wakati watu wameshajifungulia njia wenyewe?

Nilitafuta dumu la njano. Madumu ya njano yalikuwa maelfu.

Unaweza kusema, unaona, kupiga kumewaokoa. Kwa waliokwenda mashariki, sitabishana nawe. Lakini wale wa magharibi walifukuzwa porini kwa miezi, Walikale, Tingi-Tingi, mpaka huko mbele, na waliuawa wengi mno, wanawake na watoto wamo. Umoja wa Mataifa uliyaandika hayo katika ripoti yake ya mwaka 2010. Mtu aliyekuwa mateka kambini alipofika msituni alihesabiwa adui. Mfano wako wa jambazi una mke mmoja na polisi mmoja, kaka. Ongeza wake laki moja, na polisi ambaye amechoka kuangalia nani ni nani.

Kahawachungu alijibu:

Pole sana kaka. Mimi niliongea kijiweni. Ila swali langu bado limesimama: sheria imemzuia nani?

Mzee_wa_Masjala alijibu:

Wanangu, hamjambo. Mimi si mwanasheria. Nilikuwa masjala ya Mahakama ya Rwanda pale Arusha, kazi yangu kubeba na kupanga majalada, na mtu anayepanga majalada miaka kumi na mbili huishia kuyasoma.

Nianze na treni, kwa sababu naipenda. Vita vya Prussia na Ufaransa, 1870 na 1871: Wafaransa wasio askari walikuwa wakizishambulia reli, basi Wajerumani wakawachukua waheshimiwa wa miji, kina meya na matajiri, wakawapandisha kwenye treni za jeshi. Ukilipua, unamlipua meya wako. Juni 1900 Lord Roberts akalipenda wazo hilo huko Afrika Kusini, akatangaza kwamba wakazi wa kila wilaya watasafiri na treni ili Makaburu waache kubomoa reli. Kelele zikapigwa, mwezi uliofuata akaifuta amri. Kitabu cha sheria cha jeshi la Uingereza cha mwaka 1914 kikakiri kwamba hiyo haiwezi kuitwa desturi ya kusifiwa. Waingereza bwana! Angalieni pia waliochaguliwa: watu wenye majina. Meya hulinda treni kwa sababu kuna mtu ng'ambo ya pili anayemjali. Huwezi kujikinga kwa mtu ambaye adui hamhesabu. Ndiyo maana Saddam Hussein mwaka 1990, baada ya kuivamia Kuwait, aliwashikilia raia wa nchi za Magharibi, wengine akawaweka kwenye mitambo na maeneo ya jeshi, na kuwaita "wageni". Wairaki maskini wasingemfaa kwa kazi hiyo. Wageni waliachiwa Desemba.

Sasa sheria. Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949, ibara ya 28, ni sentensi moja fupi: usitumie uwepo wa mtu anayelindwa ili mahali pasishambuliwe. Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya 1977, ibara ya 51, fungu la 7, inapanua katazo hilo, pamoja na kuwasogeza raia kwa makusudi ili wakinge jeshi. Hapo Kahawachungu yuko sahihi kabisa. Ila amesoma fungu la 7 akafunga kitabu. Fungu la 8 linasema upande mmoja ukivunja makatazo haya, upande wa pili haufunguliwi kutoka wajibu wake kwa raia. Madeni mawili, wadaiwa wawili. La kwanza halilipi la pili.

Mkataba wa Roma wa 1998, ulioanzisha mahakama ya ICC, ukalifanya jambo hili kuwa uhalifu wa kivita, lakini katika orodha ya vita vya kimataifa tu. Kwenye orodha ya vita vya ndani, ambavyo ndivyo vinavyotumaliza huku kwetu, kosa hilo kwa jina lake halimo. Mwendesha mashtaka inabidi alitafute kwa mlango mwingine: utekaji, au kuwatendea watu ukatili. Nilipoligundua hilo nililirudia mara tatu nikidhani kuna ukurasa umepotea.

Kahawachungu, umeuliza sheria imemzuia nani. Wachache, lakini wapo. Tihomir Blaškić alikuwa kamanda wa Wakroati wa Bosnia. Aprili 1993 raia Waislamu walikalishwa kuzunguka hoteli ya Vitez, makao yake makuu. Mahakama ya rufaa kule The Hague ilisema mwaka 2004 kwamba kosa hutimia hata kama hakuna bomu lililoanguka. Kumkalisha tu pale inatosha. Karadžić, kiongozi wa Waserbia wa Bosnia, naye alitiwa hatiani mwaka 2016, na mojawapo ya makosa ni kuteka askari wa Umoja wa Mataifa mwaka 1995, wengine wakafungwa pingu kwenye maeneo ya jeshi ili ndege za NATO zisipige.

Binti wa dawati la nyuma nampa jalada jingine. Jeshi la Israel lilikuwa likimchukua jirani Mpalestina ili akabishe hodi kwenye nyumba ya anayetafutwa, na likadai jirani amekubali mwenyewe. Oktoba 2005 Mahakama Kuu ya Israel, chini ya Aharon Barak, ilipiga marufuku utaratibu huo: mtu aliye chini ya jeshi linalomkalia, ridhaa yake utaipimaje? Ndiyo ile shingo ya Bidon.

Moja la mwisho, maana macho yananiuma. Neno hili, ngao, hutumika pia kama sabuni ya kujisafishia. Desemba 30, 1935 ndege za Italia ziliipiga hospitali ya Msalaba Mwekundu wa Sweden huko Melka Dida, kusini mwa Ethiopia. Wagonjwa waliuawa, na Msweden mmoja. Italia ikalalamika kwamba Wahabeshi wanaitumia vibaya alama ya msalaba kujikinga. Kwa hiyo ukisikia "wanajificha hospitalini", inaweza kuwa kweli, hutokea. Lakini uliza kwanza ni nani anayesema, na amesema kabla ya kupiga au baada. Na mjini, wanangu, kila mtu yuko karibu na kitu fulani. Anayeishi jirani na kambi ya jeshi hajawekwa na mtu pale. Kodi ni nafuu.

Kahawachungu alijibu:

Shikamoo mzee. Nimekaa kimya nikasoma yote. Niulize kama mtoto: huyo mwenye deni la pili, akipima vizuri, akaona shabaha ni kubwa na raia ni wachache, sheria inamruhusu kupiga? Yaani hao wachache kufa ni halali?

Mzee_wa_Masjala alijibu:

Marahaba. Ndiyo. Inakataza madhara kwa raia yaliyo makubwa kupita faida ya kijeshi inayotarajiwa. Yasiyopita hayakatazwi, mradi awe amechukua tahadhari zote anazoweza. Na hesabu huangaliwa kwa alichokijua kamanda kabla ya kupiga, si kwa idadi ya majeneza. Nimeishi na sentensi hiyo miaka mingi na bado siipendi, lakini sina nyingine ya kukupa.

Mtoto_wa_Ndosho alijibu:

Na akiwa hajui kuna watu wangapi ndani, kwa sababu hakutaka kujua?

Mzee_wa_Masjala alijibu:

Hapo anadaiwa. Ibara ya 57 ya Itifaki ileile: hakikisha kwanza, na ikidhihirika kwamba madhara yatapita faida, futa au ahirisha. Kumthibitishia mahakamani ndiko kazi, nimeona majalada mengi yakifia hapo.

Mwalimu_Ngara alijibu:

Asanteni sana wakuu, na mzee wangu Mungu akupe afya ya macho. Nimebadilisha mada. Sasa inasomeka: "Fungu la 8 lifutwe." Upande wa kuunga mkono nimempa yule kijana mwenye mfano wa jambazi, kumbe anao huohuo wa Kahawachungu, neno kwa neno. Upande wa kupinga amejitokeza binti wa dawati la nyuma bila kuombwa, anataka kujua kama anaruhusiwa kusoma bandiko la Mtoto wa Ndosho kwa sauti. Kaka, unaruhusu?

Mtoto_wa_Ndosho alijibu:

Asome. Ila jina la Bidon asilibadilishe. Kama yuko hai, pengine mtoto wake anasoma huko kwenu.

Mwalimu_Ngara alijibu:

Ijumaa saa nane mchana. Nitaleta mrejesho.