Naomba ushauri: siku 5 juu ya farasi na mimi bado mgeni

Wakuu, habari zenu. Mimi na mke wangu tunapanga likizo ya siku 5 mashambani, shughuli yenyewe ni kupanda farasi tu. Yeye amepanda tangu utotoni. Mimi nimepanda mara 3, na mara ya mwisho nilishuka natembea kama bata, mapaja yamechubuka kwa sababu ya jinzi yenye mshono mnene kwa ndani.

Mwenyeji anasema tutakaa kwenye tandiko muda wa saa 5 kila siku. Kwangu si nyingi hizo? Natamani saa 2 siku ya kwanza, ila naogopa kumharibia mwenzangu raha.

Halafu uzito. Nina kilo 96, na nasikia wengi wanashauri farasi asibebe zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, tandiko likiwemo. Maana yake nahitaji farasi wa kilo 500 na ushee. Niwaambie mapema? Aibu kidogo, lakini mgongo ni wa mnyama.

Kofia ngumu na viatu vya kisigino ninavyo. Mliowahi kwenda wawili, mmoja mzoefu na mwingine mgeni, mlipangaje?